Sigaa ya mkono ipewe kifungu chake

Bwana Mhariri,

Kila inapokaribia tarehe 31 Mei, siku ya kimataifa ya kupinga tumbaku, wito wa kukaza sheria unarudi redioni na magazetini hapa Lubumbashi: paketi zibandikwe picha za kutisha, uuzaji wa sigara mojamoja ukome, stempu ya ushuru ionekane juu ya kila kinachovutwa. Kwa sigara za paketi hatuna ubishi. Sisi tunaouza na kuvuta sigaa, ile nene inayosokotwa kwa mkono kwa majani matupu, tunaomba isiunganishwe na sigara katika kifungu kimoja. Karibu kila amri iliyotungwa kwa ajili ya paketi, ukiihamishia kwenye sigaa, inaiharibu bidhaa na haimzuii mtoto hata mmoja kuvuta.

La afya tulimalize kwanza, maana wenzetu wengine hulikwepa na kutuharibia kesi. Moshi wa sigaa una sumu kama wa tumbaku nyingine yoyote. Anayeivuta mara kwa mara anajiongezea hatari ya saratani ya mdomo, koo, zoloto na umio. Kutomeza moshi hakumtoi mtu hatarini: moshi wa sigaa una alkali, kwa hiyo nikotini hupenya kwenye ngozi laini ya mdomo bila hata kufika mapafuni. Sigaa moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na paketi nzima ya sigara. Mvutaji anapaswa kuyajua haya, na onyo liwepo dukani anaponunua. Lakini kujua kwamba kitu kina madhara hakukuambii bado ni sheria ipi inakifaa. Tanzania ilipopiga marufuku viroba vya pombe kali mwaka 2017, haikugusa chupa, ingawa pombe ni ileile. Iliangalia kinauzwaje, kwa bei gani, na mikononi mwa nani. Nasi tunaomba jicho hilohilo.

Tofauti ya sigaa na sigara inaanzia shambani. Tumbaku nyingi inayolimwa Tabora na ng'ambo ya mpaka wetu huko Zambia kwa ajili ya viwanda vya sigara ni Virginia, inayokaushwa ndani ya mabani kwa joto la moto kwa siku chache. Jani la sigaa hutundikwa kwenye banda lenye hewa kwa wiki sita hadi nane, likauke polepole bila moto. Kisha hupangwa marundo makubwa na kuachwa lichachuke lenyewe. Joto la rundo hupimwa kila siku. Likipanda mno, rundo hupanguliwa, la ndani likawekwa nje, na harufu kali ya amonia hutoka. Jani lililoharakishwa hatua hii utalitambua mdomoni: linachoma ulimi na kukausha koo. Baada ya hapo majani hulazwa mwaka mmoja, miwili, mengine zaidi, kabla msokotaji hajayagusa.

Sigaa yenyewe ina sehemu tatu. Katikati kuna tripa, majani marefu yanayokwenda kutoka kichwa, upande wa mdomo, hadi mguu, upande wa moto. Humo msokotaji huchanganya lijero, jani la juu ya mmea lenye nguvu na linaloungua taratibu, seko lenye harufu, na volado linalosaidia moto kushika. Lijero huwekwa katikati kabisa, maana likikaa pembeni moto utakwenda upande mmoja. Tripa hufungwa na kapote, jani gumu kidogo, halafu juu huja kapa, jani zuri kuliko yote, jembamba, lenye mafuta, lisilo na tundu. Moja ya kapa zinazosifiwa duniani inatoka huku Afrika ya Kati, mashariki ya Kamerun na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kinachoshika yote ni tone la gundi ya mimea kwenye kichwa. Hakuna karatasi wala kichungi, na hakuna vanila. Msokotaji hodari hutoa kama 100 kwa siku; mashine ya sigara hutoa maelfu kwa dakika.

Kwa kuwa ni jani tupu, sigaa inakunywa na kutoa unyevu wa hewa saa zote. Inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Chini ya 60 mafuta ya jani yanapotea, kapa inapasuka ukiibonyeza, moto unakimbia na moshi unakuwa mchungu. Juu ya 72 sigaa inavimba, hewa haipiti, inazimikazimika. Ikikaa juu ya 75, ukungu unaota. Hapo ndipo hali ya hewa ya Lubumbashi inapokuwa mtihani. Mji uko karibu mita 1,200 juu ya bahari. Kiangazi kinaanza Mei, na kufikia Agosti na Septemba unyevu wa mchana hushuka chini ya 40. Sigaa iliyosahauliwa mezani siku chache imekwisha. Oktoba ni joto kali kuliko miezi yote. Kuanzia Novemba mvua inaleta kinyume chake, nguo hazikauki na ukungu unaingia hata kwenye kabati la viatu.

Wengi hufikiri dawa ni frigo. Frigo ya nyumbani hukausha hewa na kuitia sigaa harufu ya samaki. Frigo ndogo za divai zinafaa Ulaya. Hapa, umeme wa SNEL ukikatika kwa muda wa saa nane, ndani kunapanda joto, ukirudi ubaridi unashuka ghafla, na matone ya maji yanatokea kwenye kuta na kudondokea sanduku. Kinachofaa zaidi kwa delestaji, yaani huku kukatwakatwa kwa umeme, ni boksi la plastiki la barafu, lile zito la kuwekea vinywaji, lenye mfuniko unaobana. Halihitaji umeme. Lioshe, liache wazi hadi harufu ya plastiki iishe, weka ndani vibao vya mwerezi wa Kihispania vilivyotoka kwenye masanduku ya sigaa yaliyokwisha, kisha pakiti za unyevu zenye namba juu yake: za 65 wakati wa mvua, za 69 wakati wa kiangazi. Pakiti hizo hutoa unyevu hewa ikikauka na kuunyonya ukizidi. Anayetumia sponji asitie maji ya bomba ya REGIDESO, kwa sababu chokaa yake huziba sponji na vijidudu vyake huleta ukungu. Atie maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Haya huuzwa pia kama maji ya betri, lakini soma lebo kwa makini, maana chupa ya jirani yake rafuni huwa ni asidi.

Kipima unyevu kisiaminiwe kabla ya kujaribiwa, hata kiwe cha dola 50. Chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya kupikia, tia matone ya maji hadi chumvi ilowe yote bila kuyeyuka. Weka kifuniko na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika vizuri, usiuguse kwa saa 24 mahali pasipobadilika joto. Hewa ya ndani itakuwa asilimia 75 kamili. Kipimo kikisoma 71, kumbuka daima kuongeza 4. Humido mpya ya mbao, yaani sanduku la kutunzia sigaa, nayo isijazwe siku ya kwanza: mbao kavu itanyonya unyevu wote wa sigaa. Weka kikombe cha maji yaliyosafishwa ndani, funga wiki moja hadi mbili mpaka kipimo kitulie karibu na 70. Kufuta mbao kwa kitambaa cha maji, kama baadhi ya karatasi za maelekezo zinavyosema, kunazipinda na mfuniko haubani tena.

Adui mwingine ni mdudu wa tumbaku, Lasioderma serricorne. Mayai yake hayaonekani na huweza kusafiri ndani ya jani kutoka shambani. Joto likizidi nyuzi 24 kwa siku kadhaa yanaanguliwa, na funza anatoboa njia ndani ya sigaa hadi atoke kama mdudu mdogo wa kahawia, akiacha tundu la duara na unga mwembamba. Sanduku moja likiingiwa, boksi zima liko hatarini. Tiba ni baridi. Funga sigaa katika mifuko miwili, moja ndani ya nyingine, hewa ikatolewa. Ziwekwe frigo siku moja, kisha friza ya nyuzi -18 au chini zaidi kwa siku tatu, zirudi frigo siku moja, ndipo zirudi kwenye joto la chumba zikiwa bado kwenye mifuko. Anayeruka hatua ya frigo atazikuta kapa zimepasuka kwa mabadiliko ya ghafla. Na kwa mji wetu hesabu hiyo ya siku tatu ihesabiwe kwa saa ambazo umeme upo kweli, au friza iunganishwe na jenereta.

Tumeeleza haya kwa urefu kwa sababu sheria zinazopendekezwa zinaanguka hapa hapa.

Chukua stempu. Nchi yetu ina mfumo wa kufuatilia ushuru wa bidhaa kama tumbaku na pombe, STDA, na kwa paketi ya sigara ni jambo la maana: stempu inakaa juu ya karatasi ya nailoni, mkaguzi anaisoma, imekwisha. Kwa sigaa swali ni stempu ikae wapi. Ikibandikwa juu ya sigaa yenyewe, gundi inashika kapa, na mnunuzi akiibandua anang'oa jani. Ikibandikwa kwenye sanduku la 25 ikipita juu ya mfuniko, itakatika siku muuzaji anapofungua sanduku ili auze moja. Kuanzia hapo sigaa 24 zilizobaki, ambazo ushuru wake umelipwa, zinaonekana mbele ya mkaguzi kama za magendo. Njia ya kutoka ipo: stempu ibandikwe upande wa chini wa sanduku, sanduku tupu lisitupwe hadi sigaa ya mwisho iuzwe, na muuzaji awe na daftari lenye namba ya stempu, aina, idadi iliyoingia na iliyotoka. Mkaguzi atahesabu zilizomo kwenye humido, atalinganisha na daftari na masanduku. Kazi ya dakika kumi. Tukumbuke kwamba Umoja wa Ulaya wenyewe, wenye mitambo na fedha, ulianza kufuatilia sigara na tumbaku ya kusokota tarehe 20 Mei 2019, lakini sigaa uliipa muda hadi tarehe 20 Mei 2024.

Halafu kuna hili la kuuza mojamoja. Sababu ya kulipiga marufuku kwa sigara inaeleweka na kila mzazi wa komini zetu za Katuba au Kenya: mtoto hawezi kununua paketi, lakini ananunua moja kwa noti iliyobaki ya kununulia mkate. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Kongo iliuridhia mwaka 2005, unasema hivyo katika kifungu cha 16: nchi zijitahidi kuzuia uuzaji wa sigara mojamoja au katika paketi ndogo zinazowarahisishia watoto bei. Mkataba umetaja sigara. Sigaa nzuri moja hapa mjini inauzwa kwa bei ya paketi nyingi za sigara, na kwa mteja wa kawaida hakuna namna ya kuinunua isipokuwa mojamoja. Ukilazimisha sanduku zima, umemtaka mtu mzima atoe mamia ya dola kwa kitu ambacho huenda angevuta kimoja siku ya harusi na kingine Krismasi. Na akishalinunua, bila boksi la unyevu nyumbani, zitamkaukia zote. Ulaya iliweka kwamba paketi ya sigara isipungue sigara 20 na tumbaku ya kusokota isipungue gramu 30. Sigaa haikuwekewa idadi. Umri wa miaka 18 ubaki, kitambulisho kiombwe mlangoni. Hilo linatutosha na tunalitekeleza.

Kuhusu onyo la afya tutakuwa wafupi, maana suluhisho linajulikana. Kanuni ya Marekani ya mwaka 2016 ilitaka onyo lifunike asilimia 30 ya pande kuu mbili za kifungashio, lakini kwa sigaa zinazouzwa mojamoja bila kifungashio iliruhusu tangazo lenye ukubwa unaokaribia karatasi ya A4 libandikwe mahali pa kulipia. Tangazo la namna hiyo, kwa Kifaransa na Kiswahili, linasomwa na kila mteja. Uingereza nayo, ilipoweka paketi zisizo na rangi wala nembo kwa kanuni za mwaka 2015, ilizihusisha sigara na tumbaku ya kusokota, sigaa iliachwa.

Mfano huo wa Marekani unastahili kusomwa na wabunge wetu hadi mwisho, kwa sababu wenzetu walijaribu njia ya kapu moja na mahakama ikawarudisha. Mwaka 2016 mamlaka yao ya chakula na dawa, FDA, iliingiza sigaa zote chini ya kanuni ya tumbaku. Kila bidhaa iliyoingia sokoni baada ya tarehe 15 Februari 2007 ilitakiwa kuombewa kibali, pamoja na maelezo ya viambato. Kwa kiwanda cha sigara, chenye aina chache na mchanganyiko usiobadilika, ni gharama inayobebeka. Sigaa ya mkono hubadilika kila mavuno: mvua ikizidi Estelí huko Nikaragua au upepo ukivunja mabanda ya Cuba, msokotaji anatafuta jani la shamba jingine ili ladha ibaki ileile. Jani jingine, je, ni bidhaa mpya? Na kila jina lina vimo vyake, robusto, korona, churchill, kila kimo na karatasi zake. Tarehe 9 Agosti 2023 jaji wa mahakama ya wilaya ya Washington aliifuta kanuni hiyo kwa upande wa sigaa za hali ya juu, akisema mamlaka haikuzingatia ushahidi uliokuwa mbele yake juu ya namna zinavyotumiwa na vijana kutozitumia. Mwaka 2025 mahakama ya rufaa iliunga mkono kufutwa huko, ingawa ilirudisha swali la maana halisi ya sigaa ya hali ya juu litazamwe upya.

Na maana hiyo ndiyo tunayotaka iingie katika maandishi yetu, maana bila mpaka ulio wazi kila mwenye sigara ya bei rahisi atadai kwamba yake ni sigaa. Iliyotumika Marekani inafaa kuazimwa: imefungwa kwa jani zima la tumbaku; kapote ni tumbaku asilimia 100; angalau nusu ya uzito wa ndani ni majani marefu; imetengenezwa kwa mkono; haina kichungi wala kishikio kisicho tumbaku; haina ladha nyingine iliyoongezwa; ndani yake kuna tumbaku, maji na gundi ya mimea tu; na sigaa 1,000 zina uzito unaozidi ratili 6, yaani kama kilo 2.7.

Afisa wa duane, yaani forodha, hapo mpakani Kasumbalesa au uwanja wa ndege wa Luano anaweza kuhakikisha karibu yote hayo bila maabara. Mizani ndogo ya jikoni: robusto ina gramu kumi na kitu, wakati vijisigaa vya mashine ni gramu 2 au 3. Macho: jani halisi lina mishipa inayopanda kwa mshazari, na hakuna mawili yanayofanana, lile la kiwandani, lililosagwa na kutandazwa kama karatasi, halina mishipa au lina mistari iliyochapwa inayojirudia. Pua: vanila, cheri na asali hazijifichi. Mwisho, sigaa moja ya shehena ipasuliwe kwa wembe kwa urefu. Majani marefu yatafunguka kutoka kichwa hadi mguu. Ya mashine yatamwagika chenga mezani. Sigaa hiyo moja itoke kwenye kila aina, isitoke kwenye kila sanduku, kwa sababu sanduku la 25 lililobaki na 24 halina mnunuzi wa zawadi. Baada ya ukaguzi, karatasi ya mwerezi irudishwe juu ya sigaa na mfuniko ufungwe. Shehena ikisubiri hati, isisubiri kwenye kontena juani. Siku kadhaa za Oktoba ndani ya bati zinaweza kuangua mayai tuliyoyaeleza hapo juu, na ushuru utakuwa umelipwa juu ya chakula cha funza.

Anayedhani sigaa itawafikia wanafunzi wa sekondari na aangalie inavyovutwa. Kofia ya kichwani inakatwa milimita 2 tu, juu ya mstari inapoishia. Ukishuka chini ya mstari kapa inafumuka mdomoni. Kiberiti cha petroli hakifai, ladha yake haitoki hadi mwisho. Gesi ya butani au kipande cha mwerezi ndiyo moto wake. Mguu unaota moto kwanza bila kuguswa na ulimi wa moto, ukizungushwa hadi pembe zote ziwe nyekundu, ndipo unavuta. Baada ya hapo ni mvuto mmoja kwa dakika, hata pungufu. Ukiharakisha, joto linapanda na uchungu unakuja. Ukichelewa sana inazimika, na kuiwasha tena baada ya saa ni kujitesa. Moto ukila upande mmoja, gusa kwa moto upande uliobaki nyuma. Jivu la sentimita 2 au 3 liachwe, linapoza ncha. Robusto, unene wa 50 kwa kipimo cha sehemu ya 64 ya inchi na urefu wa milimita 124, inakula dakika 45 hadi 60. Haizimwi kwa kupondwa. Inawekwa chini ife yenyewe. Hakuna mapumziko ya shule yenye nafasi hiyo. Ripoti ya mwaka 2022 ya taasisi ya taifa ya sayansi ya Marekani ilikuta wavutaji wa sigaa za hali ya juu ni kama asilimia 1 ya watu wazima, na wengi si wa kila siku. Ripoti hiyohiyo haikusema ni salama, nasi hatulisemi.

Kuhusu mahali pa kuvutia sigaa: Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 juu ya afya ya umma inagusa pia tumbaku, na hatuombi mtu avute sigaa katikati ya watu wanaokula. Moshi wake ni mzito kuliko wa sigara na unakaa kwenye mapazia siku mbili. Tunachoomba ni kile Uingereza ilichoruhusu mwaka 2007 katika maduka maalumu ya tumbaku: mteja aweze kuonja sigaa ndani ya duka hilo. Chumba kiwe na mlango wake, feni ya kutolea hewa nje na si kwenye ukumbi wa jirani, asiingie aliye chini ya miaka 18, na kisiuze chakula.

Mwisho ni juu ya walipo wavunja sheria hasa. Duka lenye hati, linalolipa TVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu ya ushuru, ndilo linalokaguliwa kwa sababu lina anwani. Ukililemea kwa stempu zisizowezekana na vibali vya kila kimo, sigaa zitaendelea kuingia mjini ndani ya masanduku ya nguo, na za bandia zitajaza pengo. Za bandia zinajulikana. Sanduku halisi la Cuba lina muhuri wa dhamana wa kijani wenye namba, na chini yake maneno yamechomwa kwenye mbao, hayakuchapwa kwa wino: Habanos s.a., Hecho en Cuba, Totalmente a mano. Kando yake kuna msimbo wa kiwanda pamoja na mwezi kwa kifupi cha Kihispania, ENE kwa Januari, AGO kwa Agosti, na mwaka. Pete zote za karatasi juu ya sigaa zimekaa kimo kimoja zikitazama upande mmoja, rangi za sigaa zimepangwa kutoka iliyokolea hadi nyepesi. Na Habanos, kampuni ya sigaa za Cuba, haitengenezi masanduku ya nembo yake ya Cohiba yenye mfuniko wa kioo. Mkaguzi akiliona moja juu ya meza ya barabarani, aanzie hapo kabla ya kuja kwetu kuhesabu stempu.

Wauzaji na wavutaji wa sigaa,
Lubumbashi